Ratiba ya yoga na taamuli imekwama? Shida ninazoletewa darini, na jinsi ya kuzitatua

Yoga niliipata kwa mlango wa uani. Nilikuwa nafua mashuka katika nyumba moja ya wageni Shela, hapa kisiwani Lamu, na mwalimu akipungukiwa na mtu wa kukamilisha safu huniita. Siku hizi, Jumatano baada ya Alasiri na Jumamosi asubuhi, wanawake wanane au tisa hupanda dari letu, yaani paa la wazi juu ya nyumba, hapa mtaa wa Langoni, na karibu kila mmoja ana mazoezi yake mengine anayoyafanya peke yake nyumbani. Hayo ya peke yake ndiyo yanayoharibika. Wakija hunieleza, na kwa miaka hii nimeona kwamba malalamiko ni yale yale, yamebadilisha buibui tu.

Nimeyapanga kama fundi wa mashine za boti anavyofanya. Mashine haiwaki: tazama mafuta kwanza, kisha plagi, kisha kabureta. Haanzi kwa kuibomoa. Nawe tafuta dalili yako, anza na sababu ya juu, ushuke polepole.

Ila haya hayana utatuzi wa nyumbani: maumivu ya kifua, pumzi kukatika, kuzimia, mkono au mguu kulegea ghafla, mdomo kupinda, kichwa kuuma ghafla kuliko kilivyowahi kukuuma. Acha mkeka hapo hapo uende hospitali. Kwa sisi wa kisiwani ni King Fahd. Ukiwa Shela usitembee kwa miguu, ita boti.

"Nilianza vizuri, siku ya nne nikaacha"

Hili ndilo kubwa, na watu hulipa jina la uvivu. Mara chache sana huwa uvivu.

Sababu ya kwanza ni saa. Mimi mwenyewe nilinakili ratiba ya mwalimu wa video: saa kumi na moja kamili alfajiri, dakika sitini, kisha maji ya ndimu. Mwalimu yule hana mtoto wa kupelekwa chuoni kusoma Kurani, wala unga wa mahamri ulioumuka unaongoja kukatwa. Siku tatu niliweza. Siku ya nne nilikuwa nimeinama mikono chini, mafuta yanaunguza jikoni, na mume wangu ananiuliza kama nimeangusha kitu.

Kipimo chake ni rahisi. Kwa siku tatu andika kwenye karatasi nani anakuhitaji katika saa uliyoichagua. Likitokea jina hata moja mara mbili, saa hiyo si yako, ni yake. Usishindane naye. Itundike yoga kwenye kitu ambacho tayari hutokea bila wewe kukikumbuka. Kwetu msumari ulio imara ni sala. Tuko karibu na ikweta, nyakati za sala hazihami sana mwaka mzima, na nyumba nzima huzifuata. Ukishasali Alfajiri umeamka, umetawadha, umekaa chini, na bado hakuna aliyekuita. Kunja mswala, tandika mkeka pale pale. Wenye watoto wadogo wanafaulu zaidi baada ya Alasiri, vyombo vikiwa vimeoshwa na mlo wa mchana umeshuka. Mlo mzito unahitaji saa mbili au tatu. Ijumaa, na biriani, usijisumbue.

Sababu ya pili ni urefu. Mtu anajipangia saa nzima kwa sababu saa nzima ndiyo inayoonekana ya kweli. Jiulize: mtoto akiwa na homa, ningeifanya hii? Kama jibu ni hapana, ipunguze mpaka jibu liwe ndiyo. Nimefikia dakika kumi na mbili: mbili za kupumua, sita za viungo, nne za taamuli, yaani kukaa kimya. Kwa wiki tatu usiongeze hata ukijihisi unaweza. Hasa ukijihisi unaweza.

Sababu ya tatu inachekesha lakini ni ya kweli: mkeka uko mbali. Uko nyuma ya sanduku, chini ya kitanda anacholala shangazi. Utundike ukutani, au uuache umekunjwa dakani, kwenye kishubaka cha ukutani, uwe wa kwanza kuonekana.

Ya nne ni ya wale wanaofanyia ufukweni. Asubuhi ya kwanza mchanga wa Shela ni mpana na mgumu, unapendeza, ukaapa utakuja kila siku saa kumi na mbili. Lakini maji hayana saa kumi na mbili. Yakijaa leo saa hiyo, kesho yatajaa kama dakika hamsini baadaye, na wiki ijayo saa ile ile yatakuwa yamepwa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, yanapanda juu zaidi, na sehemu uliyoizoea haipo. Basi ufukweni fuata maji badala ya saa, muulize nahodha yeyote pale jetini, au ufanyie nyumbani, ufukwe uwe wa siku ya raha.

Ya mwisho ni adimu ila usiiruke. Kama umelala vya kutosha na bado umechoka wiki baada ya wiki, moyo unakwenda mbio ukipanda ngazi, na hedhi yako ni nzito, ratiba haina kosa. Nenda ukapimwe damu.

"Dari ni moto" na "mkeka unateleza"

Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, paa wazi likishaota jua halifai. Maliza kabla jua halijapanda au shuka kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba. Kusi ikishika, Juni hadi Agosti, upepo hukunja mkeka na kukutilia mchanga machoni. Weka mawe pembeni au fanyia nyuma ya ukuta. Ngazi za nyumba zetu ni nyembamba na zikilowa huteleza kuliko mkeka wowote, kwa hiyo masika panda na kandambili mkononi.

Kuteleza kwa mkeka wenyewe mara nyingi ni mafuta ya nazi mikononi. Nawa kwa sabuni. La sivyo ni mchanga, au ni mkeka wa ukindu juu ya sakafu laini: tandika busati chini yake, au fanya mikao ya kusimama ukiwa pekupeku sakafuni. Mkeka wa duka si sharti.

"Vifundo vya mikono vinauma"

Sababu ya kwanza ni uzito wote kukaa kwenye kitako cha kiganja. Tandaza vidole, bonyeza sakafu kwa shina la kidole cha shahada na la gumba, halafu tazama: mabega yakiwa mbele ya viganja, rudi nyuma kidogo.

Ya pili haitokani na yoga kabisa. Uliza mikono imefanya nini leo. Imekuna nazi mbili, imefua, imesuka ukindu. Mkono umeshamaliza kazi yake ya siku na wewe unauongezea uzito wa mwili. Siku hizo tumia viwiko badala ya viganja, au kunja ngumi, au fanya mikao ya kusimama na kulala tu. Pumzisha siku nne au tano. Ikiwa maumivu yamepungua, umempata mkosaji.

Ya tatu ni ujauzito, maana mwili ukivimba neva ya kifundo hubanwa. Simama umwone daktari kama gumba na vidole viwili vinavyofuata vinakufa ganzi usiku, kama unaangusha vikombe, au kama uliangukia mkono na sasa shina la gumba linauma ukilibonyeza. La mwisho linahitaji picha, hata kama hakuna uvimbe.

"Nikikaa, miguu inakufa ganzi na goti linalia"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wameharibu magoti mazuri kwa ajili ya picha waliyoiona.

Ganzi ya dakika chache ambayo huisha ukinyoosha mguu husababishwa na neva iliyobanwa, mara nyingi ile inayopita upande wa nje chini ya goti. Sababu kubwa ni kukaa chini mno. Tazama: ukikunja miguu, magoti yako juu ya nyonga? Basi mgongo umepinda na uzito umelalia mapaja. Inua makalio. Kunja leso tatu, au chukua mto mgumu. Shoga yangu mmoja alijaribu kila kitu mpaka akakalia mbuzi ya kukunia nazi, na urefu ule ukamkaa sawasawa. Nimemwomba aikunje ile sehemu ya meno kwanza.

Maumivu ya upande wa ndani wa goti ni jambo jingine. Goti ni bawaba: linafunguka na kufunga. Kuzunguka ni kazi ya nyonga. Nyonga ikigoma na wewe ukaulazimisha mguu upande juu ya paja, bawaba ndiyo inayosokotwa. Ukihisi uchungu gotini wakati wa kukunja, usivute pumzi ukavumilia. Toka kwenye mkao huo, kwa mkono, polepole.

Sasa tiba. Wengi wetu tuna mkao ambao miili yetu inaujua tangu utotoni: ule wa kukaa tahiyatu, magoti mbele, makalio juu ya visigino. Mkao huo huo umo ndani ya yoga kwa jina lake la Kisanskriti, vajrasana. Kwa nini basi ujivunje kwa kukunja miguu kama ua la yungiyungi? Weka mto kati ya visigino na makalio, kaa. Kama hata huo unauma, kaa barazani, miguu chini, mgongo mbali na ukuta. Taamuli haina haja na miguu yako.

Acha na umwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia goti likikwama lisinyooke, likivimba, au likikutupa ukitembea; ganzi isipoisha; au ukiona unyayo unaburuta na kidole gumba hakiinuki. Na kama mgongo unauma huku ganzi imeshika sehemu unayokalia, au mkojo haushikiki au hautoki, hilo ni la saa hiyo hiyo, si la kesho.

"Nikiinuka naona giza"

Kwanza, unainuka haraka. Ukitoka kuinama, simama nusu, pumua mara mbili, kichwa kiwe cha mwisho kupanda. Pili, hujanywa maji, na joto letu unalijua. Au umefunga sunna ya Jumatatu na Alhamisi na hukulizingatia hilo. Tatu, pumzi. Kuna mazoezi ya kupumua kwa nguvu na kwa kasi, tumbo likipigwa ndani. Watu huyapenda kwa sababu kichwa kinakuwa chepesi. Wepesi huo ni hewa chafu kutolewa mno mpaka mishipa ya damu ya ubongo inajibana. Acha, pumua puani kawaida, hesabu nne ndani na sita nje.

Nne, dawa. Wanaotumia dawa za presha huona giza kwa urahisi zaidi wakiinuka, na wenye sukari, sukari yao inaweza kushuka. Wasiache dawa kwa sababu yoga imewapa nafuu. Nimeshakutana na hilo, na lilimalizikia kitandani hospitalini.

Usifanye pumzi za nguvu wala mikao ya kichwa chini kama una mimba, presha ya juu, presha ya macho, au kifafa. Kizunguzungu kikirudi siku mbili tatu hata baada ya kunywa maji na kuinuka polepole, kapime presha, sukari na damu kabla ya kurudi mkekani.

"Nikifumba macho, fikra zinakimbia"

Dalili hii si ugonjwa. Mtu anakaa akitaraji kichwa kitupu kama chungu kilichooshwa, na baada ya dakika moja anafikiria bei ya samaki, halafu anasema hawezi. Kazi yenyewe ni kugundua umekwenda, na kurudi. Ukienda mara thelathini ukarudi mara thelathini, umefanya mazoezi thelathini. Hesabu pumzi moja hadi kumi, ukipotea anza moja. Sisi tuliolelewa na tasbihi na thelathini na tatu zake tunajua vizuri kupoteza hesabu na kuanza tena. (Sichanganyi: dhikri ni ibada, na hii ya pumzi ni mazoezi. Lakini kidole kinaijua njia.)

Sababu ya pili ni kelele. Punda wa jirani hana heshima na utulivu wako, wala jenereta, wala vijana wanaopita na mkokoteni. Kupigana nazo ni kazi bure. Siku za kelele acha pumzi, fanya sauti zenyewe ziwe kitu cha kusikiliza: iliyo mbali, iliyo karibu, iliyokatika. Kuna asubuhi ambazo nimekaa vizuri zaidi kwa ajili ya punda kuliko kwa ajili ya ukimya.

Simu sitaisema sana. Iache chumba kingine. Saa ya ukutani inatosha.

Wengine badala ya kukimbia hulala. Angalia saa za usingizi kwanza. Kama usiku umelala nne, lala tu, hicho ndicho ulichokuwa unakihitaji. Kama umelala vizuri, fungua macho nusu, tazama sakafu, au tembea: kutoka ukuta hadi ukuta wa kiwanda, hatua moja kwa pumzi moja.

Kisha wako wanaofumba macho na moyo ukapiga, jasho likatoka, au wakalia. Mji huu una watu ambao bahari imechukua jamaa zao, na wengine wameona mambo ambayo hawayasemi. Ukimya huyafungulia mlango. Ikikutokea, usijilazimishe kumaliza dakika zako. Fungua macho, weka nyayo kwenye sakafu baridi, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona, kunywa maji. Kesho fanya dakika moja, macho wazi, mtu akiwa karibu. Au uache kukaa kwa muda na ubaki na viungo tu, hakuna anayekudai.

Acha kabisa taamuli na utafute msaada siku hiyo hiyo kama usiku kadhaa hulali na huhisi haja ya kulala, unasikia sauti wasizosikia wengine, unajiona uko nje ya mwili wako na hali haiondoki, au unawaza kufa. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, uende hospitali. Najua nyumbani watasema ni jini. Wakitaka kukusomea, wakusomee, lakini na kwa daktari ufike, na dawa ukipewa usiziache katikati.

"Nyumbani wanasema ni dini ya watu"

Nisipoliandika hili nitakuwa nimeficha sababu iliyowatoa wengi darini kuliko magoti. Chimbuko la yoga ni India, halifichiki, na wanaouliza wana haki ya kuuliza. Hata maulamaa wameiangalia kwa namna mbalimbali: Malaysia mwaka 2008 baraza la fatwa liliikataza ile inayochanganya mazoezi, maombi na imani, Indonesia mwaka 2009 walikataza yenye ibada ndani yake wakaiacha ya mazoezi matupu, Saudi Arabia mwaka 2017 iliiruhusu kama mchezo. Mimi si wa kutoa fatwa. Muulize shehe wako, umweleze hasa unachofanya, si jina lake tu.

Ninachoweza kukuambia ni tunachofanya sisi. Hakuna "om", hakuna kuunganisha viganja kusalimia. Ule mfululizo unaoitwa salamu ya jua tunauita "kumi na mbili", kwa hesabu ya hatua zake. Na kile cha mwisho kinachoitwa mkao wa maiti nimekibadilisha jina kuwa kulala chali, kwa sababu bibi mmoja aliinuka akaniambia hatalala maiti kabla ya siku yake.

Mara nyingine, ukichunguza, lawama si ya dini, ni ya kuonekana. Madari yetu yanatazamana. Funga kamba, tundika leso mbili, au ingia ndani. Nyumba kadhaa zilinyamaza siku ile ile leso zilipopanda.

Halafu mwite mama mkwe aje atazame. Wangu alikuja kukagua, akaketi, akauliza kama kuna chochote kwa kiuno chake. Sasa yeye ndiye anayeniamsha.

"Ramadhani imevunja kila kitu"

Imevunja ile saa tu. Baada ya daku na Alfajiri watu hulala, na mchana hakuna maji ya kurudisha jasho. Waliofaulu kwetu hufanya moja kati ya mawili: robo saa kabla ya Magharibi, mikao ya kukaa na kulala tu, bila joto na bila pumzi za nguvu, au baada ya Tarawehe, maji yakiwa yameshanywewa na futari imeshuka. Mwenye sukari aliyeruhusiwa na daktari kufunga asifanye kabla ya futari hata kama anajisikia vizuri, na akianza kutetemeka au kutoka jasho baridi, afungue papo hapo.

Kumi la mwisho wengi wetu tunakesha, mkeka unatundikwa. Mfunguo mosi, tarehe mosi, siku ya Idi, hakuna atakayepanda ngazi, kila mtu kashiba halwa. Tarehe mbili tunaanza tena, dakika zile zile kumi na mbili, hata kwa aliyekuwa ameshafika thelathini.